Mguu wa Mwenye Nyumba

Asubuhi ile Kimya alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, anasugua sufuria ya uji kwa mchanga. Uji ulikuwa umeshika chini kwa sababu shangazi yake aliupika huku anapiga pasi sketi za watu, na mshika mawili, wote tunajua, moja humponyoka. Siku hiyo uliponyoka uji. Kimya alikuwa amefika kwenye ule mduara mweusi wa katikati, pale panapogoma, aliposikia chuma kinaanguka upande wa mbele. Mlio mmoja, mzito, mpaka bati la jikoni likatetemeka. Halafu kuku.

Hakuinuka mara moja. Chuma kuanguka pale kwao haikuwa habari. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na uwanja wa mbele ndio ulikuwa karakana: mabomba ya chuma yameegemea ukuta, nyaya zimelala chini kama nyoka walioshiba, cheche kutwa nzima. Kuku kupiga kelele nako haikuwa habari. Kuku akishtuka hupayuka, halafu akijiona bado mzima hunyamaza akaendelea kuchakura. Huyu hakunyamaza.

Kimya akaacha sufuria, akazunguka nyumba. Alikuta nusu ya geti imelala chini, ile ambayo baba yake aliisimamisha jana ili rangi ikauke. Baba alikuwa ameinua kona moja, kofia ya kuchomelea ameisukuma juu ya paji la uso. Chini ya kona ile kulikuwa na Mwenye Nyumba.

"Mtoe," baba alisema.

Akamtoa. Mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti, ulikuwa unaning'inia kama kitu cha kuazima. Damu haikuwa nyingi. Kuku alikuwa mwepesi kuliko alivyomdhania siku zote, manyoya tu, na moyo wake ulipiga kwenye kiganja cha Kimya kwa kasi ya cherehani.

"Nililisimamisha vizuri," baba alisema. Hakuna aliyemuuliza. Akalisimamisha tena palepale, akashusha kofia, akawasha moto wake.

Shangazi alitokea mlangoni, tepe ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Yeye alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule pale sebuleni, na alikuwa amezoea kuongea na pini mdomoni kiasi kwamba hata akizitoa, maneno yake bado yalikuja na ncha.

"Huyo ndiyo basi tena," alisema. "Chemsha maji."

"Ni wa mama."

"Najua ni wa mama yako. Hata hizo sahani ni za mama yako, mbona tunakula?"

Kimya hakujibu. Hilo la kutojibu ndilo lililompa jina. Shuleni aliandikwa vingine, lakini nyumbani na mtaani alikuwa Kimya, tangu mdogo mpaka sasa ana miaka kumi na minne. Mwalimu akimuuliza kitu, jibu lilitoka tumboni likapanda vizuri, likafika kwenye meno, likageuza. Dukani alipenda kwenda na karatasi. Shangazi alisema mtoto huyu siku nyumba ikiungua ataandika barua.

Na kuku naye jina lake lilikuwa na sababu. Mama ndiye aliyempa. Alikuwa kuku wa kahawia, shingo haina manyoya, na alitembea ndani ya nyumba kama anayekagua wapangaji: anaingia chumba hiki, anatokea kile, shingo mbele. Akikukuta umekaa mlangoni hazunguki. Anasimama, anakukazia jicho moja mpaka unampisha. "Pita, mama," mama alikuwa akimwambia. "Nyumba si yako?" Asubuhi alimpa huyo chakula kwanza, ndipo watu.

Mama mwenyewe aliondoka miezi mitatu nyuma. Aliondoka na begi moja na beseni, baada ya wiki mbili ambazo yeye na baba waliongea kupitia kwa mtoto tu: mwambie baba yako chumvi imeisha, mwambie mama yako nimesikia. Pale nje, begi liko begani, alimwambia Kimya, "Nitunzie Mwenye Nyumba. Nikipata pa kukaa, nitakuja kuwachukua wote wawili."

Wote wawili. Kimya alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Alikuwa ameyapigia hesabu yake mwenyewe, ambayo hakumwambia mtu. Mtoto anaweza kuambiwa subiri, akasubiri mpaka akaota mvi. Lakini kuku haishi miaka mingi. Mtu aliyeahidi kuja kumchukua kuku, lazima aje mapema. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja tu: mama akifika, amkute kuku.

"Shangazi," alisema. "Nipe wiki."

Shangazi alimtazama. Ilikuwa sentensi nzima, bila kusukumwa.

"Wiki ya nini?"

"Nitamfunga mguu."

"Wewe umekuwa hospitali?" Lakini alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kanga yake. "Haya. Leo Jumamosi. Jumamosi ijayo asipokanyaga chini, mimi na yeye tunaonana jikoni. Na asinichafulie vitambaa vya watu."

*

Vijiti alivitoa kwenye rula yake ya shule, ile ya mbao. Aliipasua kwa kisu kwa urefu, ikatoa mabanzi mawili, akayakata, akayasugua kwenye sakafu ya saruji mpaka yasimchome. Akaweka moja huku, moja huku, mguu katikati, umenyooka. Alipounyoosha, kuku alifungua mdomo wote bila kutoa sauti, na hicho ndicho alichokiona Kimya siku nzima kila alipofumba macho. Akazungushia ukanda wa kitambaa cha bluu, mabaki ya sketi. Ukimtazama mgonjwa kwa pembeni uliona namba za rula zinachungulia, kuanzia tano mpaka tisa.

Wodi ilikuwa boksi la sabuni kwenye kona ya chumba chake, chini ametandika vipande vya nguo. Alimpa maji kwenye kifuniko cha chupa. Pumba aliziloweka, akazishika kwenye kiganja, kwa sababu mgonjwa hakuweza kuinama bila kuanguka na mdomo. Kila saa mbili alimgeuza ubavu, kama walivyokuwa wakimgeuza bibi yake alipokuwa wa kitandani, ili asiote vidonda. Kila alipomgeuza, Mwenye Nyumba alimpiga jicho lile la mlangoni, la nipishe, ila safari hii hakuwa na pa kupita.

Jumapili kitambaa kikaanza kulegea. Kuku alikuwa anakidonoa, anavuta nyuzi moja moja kwa subira ya mtu anayefumua pindo. Kimya akafunga tena. Mchana kimelegea tena, na banzi moja limezunguka likaja mbele.

Alikuwa na simu ndogo ya vitufe aliyoachiwa na mama, ya kuandikiana ujumbe. Kupiga hapana. Mama alisema kule anakopikia watu mtandao unakuja na kuondoka, na akiwa kazini hawezi kupokea. Kimya aliona heri hivyo. Kwenye ujumbe maneno hayageuzi njiani.

Akaandika: *Mama shikamoo. Hatujambo. Baba na shangazi wazima. Shule naendelea. Jana geti limemwangukia Mwenye Nyumba mguu umevunjika. Nimemfunga vijiti ila vinalegea. Nifanyeje?*

Akatuma. Akasubiri mpaka jua likazama, akaenda kufua soksi.

Jumatatu, akitoka shule, alipita kwa muuza dawa za mifugo. Duka lake lilikuwa kibanda chenye dirisha la nondo, chupa za dawa zimepangwa nyuma yake kwa rangi. Watu walimwita Daktari. Hakuwa daktari, na hakuwa amewahi kumkatalia mtu jina hilo. Kimya alikuwa na karatasi mfukoni, ameandika kila kitu: kuku, mguu, umevunjika chini ya goti, vijiti vinalegea, nifunge na nini. Akasimama kwenye foleni nyuma ya mzee mwenye mbuzi.

Zamu yake ilipofika, Daktari aliinua kichwa. "Binti, sema."

Karatasi ilikuwa mfukoni. Mkono ulikuwa mfukoni. Nyuma yake wamesimama wanaume wawili, mmoja anacheka kitu kingine kabisa, lakini Kimya alisikia kicheko hicho kwenye shingo yake.

"Unatafuta nini, mwanangu? Ya kunguni?"

"Hapana."

"Ya panya?"

"Nitarudi," Kimya alisema, akampisha mtu wa nyuma. Alitembea mpaka nyumbani anajitukana moyoni, na kwenye kutukana hakuwa kimya hata kidogo.

Alipofika, simu ilikuwa na ujumbe.

*Marahaba mwanangu. Kaza. Nitakuja.*

Aliusoma amesimama, mkoba bado mgongoni. Akasikia mabega yanashuka. Kumbe alikuwa anahangaika na foleni za watu, na jibu liko njiani. Aliuliza vinalegea afanyeje, na mama, mtu wa maneno machache, amejibu neno moja: kaza. Na la pili, bila kuulizwa: nitakuja.

Basi akakaza.

*

Kitambaa peke yake kisingetosha, hilo alishaliona. Kwenye kikapu cha mabaki cha shangazi kulikuwa na lastiki, ile nyeupe ya kiunoni mwa sketi, vipande vya urefu wa mkono. Lastiki hailegei. Ukiivuta inarudi yenyewe. Akaizungusha juu ya kitambaa, mara moja, mara mbili, mara tatu, akaivuta, akafunga fundo. Kuku akapiga mabawa mpaka boksi likaanguka.

"Vumilia," Kimya alimwambia. "Mama anakuja."

Jumanne alikagua, akaona pana mwanya mdogo juu. Akaongeza mzunguko mmoja. Usiku kuku hakulala, alikuwa anaudonoa mguu, tap, tap, tap kwenye mbao ya rula. Jumatano akaongeza mwingine.

Jumatano hiyohiyo Mwenye Nyumba alitaga. Kimya alirudi shule akakuta yai limekaa kwenye vitambaa, ganda lake laini kama ngozi, limebonyea upande. Alilipeleka sebuleni kwenye viganja viwili.

"Ndiyo amelipa matibabu," shangazi alisema, mguu uko kwenye kanyagio la cherehani. Aliligusa kwa kidole. "Hili hata kuliwa haliliki. Lakini tuseme ukweli, kuku anayekufa hatagi. Eti kaka?"

Baba alikuwa anakunywa chai mlangoni. Alilitazama yai. "Anakanyaga?"

"Bado," Kimya alisema.

"Mm," baba alisema. Akamaliza chai, akarudi kwenye chuma chake. Shangazi akageuza kitambaa chini ya sindano. "Baba yako naye angekuwa ujumbe wa simu, ungekuwa wa bure," alisema, na Kimya akacheka, kicheko cha puani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na ilikuwa ya mwisho kwa muda mrefu.

Alhamisi kuku aliacha kuudonoa mguu. Usiku kucha kimya. Asubuhi Kimya alimkuta ametulia, kichwa ameingiza kwenye manyoya, hata alipomgeuza hakupiga mabawa. Alimshika banzi, akalitikisa kidogo kujaribu. Hakuna kelele, wala mdomo kufunguka. Kimya akajua maumivu yameisha. Alikwenda shule anatembea haraka, na kwenye somo la hesabu alinyoosha mkono, ukashuka wenyewe, lakini aliunyoosha.

Angejua kwa nini maumivu yameisha, asingenyoosha kitu.

*

Ijumaa mchana shangazi ndiye aliyeanza.

"Kuna panya amekufa humu ndani?"

"Sijui."

"Mimi nina pua. Njoo unisaidie kutafuta."

Walisogeza kabati. Walisogeza magunia ya vitambaa. Shangazi alikwenda na pua yake kama mtu anayefuata uzi, akapita sebule, akaingia chumbani kwa Kimya, akasimama mbele ya boksi la sabuni. Alipiga magoti, akamtoa kuku, akamlaza kwenye mapaja juu ya kanga.

"Lete mkasi."

Akakata lastiki. Ilikuwa imezama, ilibidi aingize ncha ya mkasi polepole ili aipate. Mizunguko mitano. Akatoa kitambaa, kikaja na kitu kimeganda. Akatoa mabanzi. Vidole vya kuku, vilivyokuwa vya njano, vilikuwa vyeusi kama vya mtu aliyeshika makaa, na vimekunjamana. Shangazi alivigusa kwa nyuma ya mkono, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa.

"Wa baridi," alisema. "Huu mguu ni wa baridi."

Kimya aliokota mkasi, akasimama nao.

"Nani alikwambia umfunge hivi?"

Jibu likafika kwenye meno.

"Nakuuliza. Na lastiki yangu. Mtu hata kiuno hafungwi hivi. Nani alikwambia?"

"Mama."

"Mama yako yupo wapi akakwambia?"

Kimya alitoa simu, akafungua ujumbe, akampa. Shangazi aliusogeza mbali na macho, akausoma, midomo inatembea. Akausoma tena.

"Huu?"

"Nilimwambia vinalegea. Akasema kaza."

Shangazi aliweka simu kwenye sakafu taratibu, kama kikombe kilichojaa. Kwa muda alikuwa anampapasa kuku mgongoni tu, mkono unaenda na kurudi.

"We mtoto," alisema mwishoni, na hapakuwa na ncha. "Hii si ya kuku."

"Nilimuuliza."

"Ulimuuliza. Yeye hakujibu. Hii ni kaza ya watu. Mimi nikimpigia mwenzangu nikamwambia mgongo unaniua, ananiambia kaza. Mtu kafiwa, anaambiwa kaza. Mtoto kafeli, kaza. Ukikosa la kumwambia mtu unamwambia kaza, halafu simu inakatika. Hakuna fundo humo, mama. Hakuna kamba."

Kimya aliokota simu. Ujumbe wote wa mama alikuwa ameuhifadhi, tangu wa kwanza, kumi na moja. Kila mmoja aliusoma ulipokuja, mara nyingi, lakini kila mmoja kivyake. Hakuwahi kuusoma wote kwa mkupuo mmoja. Sasa akasimama katikati ya chumba, akaanza kuushusha kwa kidole gumba.

*Kaza mwanangu. Nitakuja.*

*Nimesikia. Kaza na shule nitakuja.*

*Marahaba. Kaza tu. Nitakuja mungu akipenda.*

Juu ya kila mmoja kulikuwa na wake yeye, mrefu, unaoeleza mtihani, unaoeleza shangazi kuhamia, unaouliza kama huko kuna shule karibu, unaouliza wanaruhusu kuku. Chini yake, neno lilelile na mwenzake, wanafuatana kama ng'ombe na mkia wake. Hakuna hata mmoja uliojibu swali. Pale aliposema kuku yuko mzima, kaza. Pale aliposema kuku kavunjika mguu, kaza.

Hapo ndipo alipoacha kulitazama neno la kwanza, akaanza kulitazama la pili.

*

Shangazi alifunga cherehani yake saa tisa mchana, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana, akamfunika kuku kwa kanga, wakaenda wote kwa muuza dawa. Safari hii Kimya hakuhitaji kusema. Daktari aliupokea mguu kupitia dirisha la nondo, akaugeuza kwenye mwanga, akavuta hewa kwa meno.

"Alivunjika lini?"

"Jumamosi," shangazi alisema.

"Hapa?" Alibonyeza chini ya goti. Kuku hakushtuka. "Mvunjiko wenyewe mzuri, tena alinyooshwa vizuri sana. Nani alinyoosha?"

Shangazi alimwonyesha kwa kidevu.

"Binti, uliunyoosha vizuri," Daktari alisema. "Kuku mfupa wake unashika upesi. Ungemfunga kidogo tu, usizidishe, wiki tatu angekuwa anachechemea mtaani anagombana na watu. Huu mguu haukuuawa na kilichouvunja. Damu ilizibwa." Akamtazama vizuri zaidi. "Wewe si ulikuja Jumatatu?"

Kimya alitazama chupa za dawa.

"Si wewe uliyesimama hapahapa, nikakuuliza kunguni, ukasema utarudi?"

"Ndiyo."

Daktari akainua bawa la kuku, akanusa, akabonyeza paja. "Kuoza kumeshapanda. Naweza kukata hapa, ila kumeshapita hapa. Na joto analo. Sitaki niwadanganye. Mimi ningempumzisha, na msimle."

"Hatuwezi kumla," shangazi alisema. "Huyo alikuwa anatupangisha."

Hakuna aliyecheka, na yeye hakutegemea.

*

Jumamosi asubuhi baba alikuja nyuma ya nyumba na kisu. Alikuwa amekinoa, ukingo wake umekuwa mweupe. Kimya alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kuku mapajani. Mwenye Nyumba alikuwa anapumua mdomo wazi, na kope zake za chini zilikuwa zinapanda na kushuka.

"Nenda ndani," baba alisema. "Ukitoka nitakuwa nimemaliza."

"Nitamshika."

"Utaweza?"

"Mimi ndiye niliyemfunga."

Baba alimtazama muda. Kofia ya kuchomelea ilikuwa imemwachia mstari kwenye paji la uso, hautoki hata akinawa. Akachuchumaa.

"Mlaze. Mabawa shika pamoja, hivi, nyuma. Na mkono huu shika mguu. Ule mzima."

Kimya aliushika ule mzima. Ulikuwa wa moto. Baba alinyoosha shingo ile isiyo na manyoya, akaitafuta sehemu kwa kidole gumba, na hakumwambia mtoto afumbe macho, kwa hiyo hakufumba. Kisu kilikuwa kizuri. Mguu uliokuwa mkononi ulisukuma mara nne, kwa nguvu kuliko wiki nzima, kama kuku anayetaka kushuka akatembee. Mara ya tano ukasukuma kidogo. Kimya hakuachia. Aliendelea kuushika mpaka baba aliposema, "Basi," na hata baada ya hapo.

Walichimba kando ya ukuta. Baba alichimba, yeye akatoa udongo kwa bakuli.

"Chimba zaidi," Kimya alisema. "Mbwa watafukua."

Baba akachimba zaidi. Walipomlaza chini na kumfunika, alikaa juu ya ile ndoo, akajifuta mikono kwa nyasi, kidole kimoja kimoja.

"Utamwambia?" aliuliza.

"Nani?"

"Mama yako."

"Sijui."

"Mwambie ni geti." Alikuwa anatazama udongo. "Usimwambie mengine. Mwambie geti la baba lilianguka. Atanitukana mimi, na kunitukana ameshazoea."

Akaondoka. Baada ya dakika chache cheche zilianza tena upande wa mbele.

Kimya alibaki amekaa kwenye ndoo, simu mkononi. Aliandika ya geti. Akaiona ni ya kweli, na si ya kweli, akaifuta. Akaandika ya lastiki, mizunguko mitano, na duka, na karatasi iliyobaki mfukoni, na vidole vilivyokuwa vyeusi. Ukawa mrefu mpaka simu ikasema umegawanyika sehemu tatu. Akaukumbuka ujumbe wake wote mrefu na kilichorudi chini yake. Akaufuta herufi kwa herufi, kwa sababu simu ile haikuwa na njia nyingine ya kufuta.

Ndani, shangazi alikuwa anamwita akale. Mama aliahidi kuchukua wawili, na mmoja yuko chini ya udongo. Kilichobaki kuulizwa kilikuwa kidogo, na hakikuhitaji sehemu tatu.

*Mama shikamoo. Mwenye Nyumba amekufa. Njoo hivyo hivyo.*

Akatuma. Simu ikaandika umetumwa, halafu, baada ya muda, umefika.

Jumapili aliiweka dirishani, pale mtandao unaposhika vizuri. Jumatatu alikwenda nayo shule kwenye soksi, na kukutwa na simu ni kosa. Jumanne aliizima, akaiwasha, kuona kama ni yenyewe iliyokwama. Ujumbe ulikuwepo, wake, wa mwisho kabisa kwenye orodha, na chini yake pametulia. Hata kaza haikuja.